Faini ya Mstari Usiokuwepo

SEHEMU YA SITA

Mkono wa Mama Breki ulipotoka ndani ya mkoba, haukutoka na pesa.

Najua wengi wenu mlitegemea pesa. Tulimwacha wiki iliyopita amesimama kizimbani, hakimu amemwambia achague moja: alipe faini papo hapo au akalale mahabusu. Mkoba ulikuwa umefunguliwa. Tangu siku hiyo wasomaji watatu wameniandikia kwamba mama huyu angelipa tu yakaisha, maana anawachosha. Hao hawajawahi kufundishwa gari naye.

Kilichotoka mkobani ni kitabu chembamba chenye jalada la kijani lililochakaa kona zote. Sheria ndogo za manispaa kuhusu barabara na magari.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "kabla sijalipa, naomba mahakama ikisome kifungu cha kumi na nne. Kama macho yako yamechoka, nitakusomea."

Watu kwenye mabenchi wakaguna. Hakimu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijipepea kwa karatasi ya mashtaka, akaacha kujipepea.

"Soma. Kwa kifupi."

"Kimeandikwa kifupi. 'Robo tatu ya kila faini ya kosa la barabarani itawekwa katika mfuko maalumu. Mfuko huo utatumika kupaka rangi vivuko, kuweka vibao na kutengeneza taa, na hautatumika kwa jambo jingine lolote.' Nimemaliza."

"Sasa hilo linakuhusu nini wewe? Umeshtakiwa kusimamisha gari juu ya kivuko cha waenda kwa miguu."

"Ndicho ninachouliza, mheshimiwa. Kivuko gani?"

Wewe unayetufuata leo kwa mara ya kwanza, sikiliza haraka tusonge mbele. Mama Breki ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa udereva. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa sababu gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria na mguu wake haubanduki pale. Miaka ishirini na mitatu hajawahi kuandikiwa faini hata moja. Siku kumi na moja zilizopita, mbele ya shule ya msingi, trafiki alimsimamisha na kumwambia kwamba tairi zake za mbele zimekanyaga mistari myeupe. Mama Breki alishuka. Aliinama, akapangusa vumbi kwa kiganja. Chini ya vumbi palikuwa na lami, na chini ya lami bila shaka palikuwa na lami nyingine. Mstari hakuuona. Alipolisema hilo kwa lugha yake, ambayo si laini, gari lake likakokotwa hadi uwanja wa manispaa na mpaka leo liko huko.

Trafiki mwenyewe alikuwa mahakamani, kitambi kimelala juu ya mkanda.

"Mistari ilikuwepo, mheshimiwa," alisema. "Niliiona kwa macho yangu."

"Mingapi, afande?" Mama Breki alimgeukia.

"Mingi."

"Mingi si namba. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anaweza kuhesabu mistari ya kivuko, na wengine hawajamaliza hata darasa la saba. Mingapi?"

"Saba. Au tisa."

"Pale katikati ya saba na tisa, mwezi wa pili, mtoto wa darasa la pili aligongwa na pikipiki akavunjika nyonga. Mwendesha pikipiki alisema hakuona kivuko. Ulimwandikia faini?"

Trafiki akatazama kofia yake.

"Ulimwandikia. Nilikuwepo. Robo tatu ya faini hiyo ilitakiwa inunue rangi. Sasa na mimi mnanitoza kwa kukanyaga rangi ambayo hamjainunua. Hata mwizi wa kuku anaiba kuku aliyepo!"

Mabenchi yakacheka. Hakimu aligonga meza, lakini kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasikiliza. Mama Breki akaona kesi imeshalalia upande wake, akaanza kufunga mkoba.

Hapo trafiki akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mheshimiwa, nilikuwa sijaiwasilisha hii."

Ilikuwa hati ya kukamilika kwa kazi. Ilisema kwamba vivuko kumi na viwili, kikiwemo cha shule ya msingi, vilipakwa rangi upya miezi minne iliyopita, na kazi ikalipiwa yote kutoka mfuko wa faini. Muhuri wa manispaa ulikuwa chini yake, na saini ya mweka hazina.

Hakimu aliisoma mara mbili, akaanza tena kujipepea.

"Karatasi ya manispaa inasema kivuko kipo. Wewe unasema hakipo. Mahakama imwamini nani?"

"Mahakama iende ikaangalie, mheshimiwa. Ni dakika saba kwa miguu."

"Mahakama haitembei."

"Ndiyo maana haijagongwa."

Safari hii hakucheka mtu. Hakimu aliinama, akaandika huku anasema, na kila neno alilitamka kama anayepigilia msumari.

"Kesho saa tatu asubuhi uniletee ushahidi kwamba hati hii ni ya uongo. Ukishindwa, faini inakuwa mara mbili. Leseni yako ya kufundishia nitaifuta. Na kwa huo ulimi wako nitakutafutia siku saba za ndani. Kesi inayofuata!"

* * *

Binti yake alikuwa anamsubiri nje kwenye ngazi, chini ya dirisha la mahakama lililo wazi. Ni mtoto wake wa pekee, ana miaka ishirini na sita, na ndiye anayeendesha ofisi ya shule ya udereva: kuandikisha wanafunzi, kupokea ada, kwenda benki. Mama anashika usukani, binti anashika kalamu. Hivyo ndivyo walivyogawana tangu baba afariki.

"Mama, tulipe," alisema hata kabla hajasalimia. "Tulipe leo hii. Nimekuja na pesa."

"Tulipe nini?"

"Faini. Ni hela ndogo, mama. Tunafundisha wanafunzi wawili inarudi."

"Mwanangu, mimi nikilipa nitakuwa nimesema kile kivuko kipo. Nani alikufundisha woga hivi? Baba yako alikuwa dereva wa lori, hakuwa na woga. Mimi sina. Umeuokota wapi?"

"Mama, naomba unisikilize kwanza. Kuna kitu..."

"Nitakusikiliza tukirudi. Leo baraza la madiwani linakaa, na kikao ni cha wazi kwa wananchi. Kama kazi ililipiwa, kuna mtu alilipwa. Nataka jina lake lisomwe kwa sauti, aone haya mbele za watu. Twende."

"Na baba mdogo je? Saini ya kwenye hati ni ya kwake."

"Ndiyo tamu yake hiyo," alisema Mama Breki, akateremka ngazi.

Baba mdogo huyo, mweka hazina wa manispaa, ni mdogo wake marehemu. Marehemu alimsomesha kwa mshahara wa lori, safari kwa safari, naye akasoma mpaka akajua kila kitu isipokuwa aibu. Siku ya mazishi alilia kuliko mjane. Tangu siku hiyo Mama Breki hamwamini mtu anayelia kwa sauti.

Walimkuta koridoni, nje ya mlango wa ukumbi wa baraza, kana kwamba alikuwa amewekwa pale awasubiri. Suti ilimkaa vizuri. Uso haukumkaa vizuri hata kidogo.

"Shemeji yangu! Nimesikia ya mahakamani. Poleni sana. Kwa nini hukunipigia simu?" Akatoa bahasha. "Basi, yamekwisha. Faini nimeilipa mwenyewe, stakabadhi hii hapa. Gari lako liko nje, nimeagiza lioshwe. Kesho huna kesi."

Kwa sekunde mbili Mama Breki alikosa la kusema. Ni jambo la nadra, kwa hiyo nalitaja.

Kisha akaichukua stakabadhi. Akaisoma, akaichana vipande viwili, akaviweka pamoja akavichana tena, na kumrudishia shemeji yake mkononi kama chenji.

"Mtu mwenye haki halipiwi na mtu asiye nayo."

"Shemeji, tafadhali." Sauti ya mweka hazina ilishuka. "Sema unachotaka, nitafanya. Wiki ijayo nitatuma watu wapake rangi pale, vivuko vyote kumi na viwili. Lakini mle ndani usiulize. Nakuomba kwa ajili ya marehemu."

"Usimtaje. Yeye alikuwa anakanyaga breki akiona mbuzi. Wewe huoni hata watoto."

"Siombi kwa ajili yangu."

Mama Breki alicheka, kicheko kifupi kikavu. Kati ya uongo wote aliowahi kuambiwa na wanaume waliovaa suti, huo aliuona wa kitoto kuliko wote.

Mweka hazina akamtazama binti, na binti akatazama sakafu. Mama Breki aliona. Alidhani ni heshima ya mtoto kwa baba yake mdogo, akakereka nayo, akamshika binti mkono na kumvuta ndani.

* * *

Kikao kilianza saa nane kamili, yaani saa tisa kasoro robo.

Madiwani kumi na wanne walikaa nyuma ya chupa kumi na nne za maji. Wawili walikuwa macho. Ajenda ya kwanza ilikuwa posho, ikapita bila mjadala. Ya pili ilikuwa samani za ofisi ya mwenyekiti, ikapita kwa makofi. Ya tatu ilikuwa kupandisha faini ya kukanyaga kivuko, kwa sababu, alisoma mwenyekiti, wananchi wameonyesha dharau kubwa kwa vivuko.

Mama Breki akasimama.

"Wananchi wanaruhusiwa kusema mwishoni," mwenyekiti alisema bila kuinua macho.

"Mwishoni mtakuwa mmeshaondoka. Nina swali moja na halina maneno mengi. Kifungu cha kumi na nne kinasema pesa ya faini inunue rangi. Hati yenu inasema vivuko kumi na viwili vimepakwa na mpakaji amelipwa. Mimi ninazunguka mji huu siku sita kwa wiki na wanafunzi wangu, na hakuna hata kimoja chenye rangi. Nani alilipwa?"

Madiwani wawili waliokuwa macho wakawa watano.

"Wewe ndiye yule mwalimu wa udereva?" mmoja wao aliuliza.

"Ndiye. Na wewe, mheshimiwa, ndiye yule niliyekukataza kuingia barabara kuu mpaka ujifunze kurudi nyuma. Mpaka leo naona unaendeshwa."

Kicheko kilipita nyuma ya ukumbi, mahali walipokaa wananchi. Kulikuwa na mzee aliyeshika kofia yenye jina la kampuni ya ulinzi, na mama mmoja amempakata mtoto mwenye magongo mawili madogo. Mtu akapiga kelele, "Mjibuni!" Wengine wakamfuata, na mwenyekiti akaona ni rahisi zaidi kumtupia mwingine mzigo.

"Mweka hazina. Jibu."

Mweka hazina akasimama taratibu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, jalada la malipo hayo halipo. Limechukuliwa na wakaguzi wa hesabu. Likirudi, tutawajulisha wananchi kwa utaratibu uliowekwa."

"Basi. Ajenda ya nne," alisema mwenyekiti.

"Jalada lipo."

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya karani wa masjala, mwanamke aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, na ambaye kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya 'weka saini hapa'. Mikononi alikuwa na jalada la kahawia.

"Lilikuwa rafu ya tatu. Wakaguzi hawajalichukua. Jana jioni ulilirudisha wewe mwenyewe, mweka hazina, ukaandika kwenye daftari langu. Nikaona nilete."

Alitembea mpaka meza kuu kwa viatu vyake vya kitambaa, akaliweka mbele ya mwenyekiti, akarudi kusimama mlangoni. Hakumtazama mtu.

"Shemeji," mweka hazina alisema, na sauti yake ilivuka ukumbi mzima. "Bado unaweza kukaa chini."

"Isomwe!" alisema Mama Breki. "Isomwe kwa sauti!"

Alisimama wima, mkoba kifuani, kidevu juu. Hiyo ndiyo saa aliyoingoja siku kumi na moja. Alikuwa ameshaandaa na neno la kumwambia mwizi huyo, awe yeyote yule, atakapotajwa. Lilikuwa neno moja tu, na ni baya.

Mwenyekiti alivaa miwani, akafunua kurasa.

"Vocha ya malipo. Kazi: kupaka rangi vivuko kumi na viwili. Chanzo cha fedha: mfuko wa faini. Imelipwa yote. Aliyelipwa..."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamtazama Mama Breki kwa jicho jipya kabisa.

"Aliyelipwa ni Shule ya Udereva Tazama Mbele."

Ukumbi ulichukua muda kuelewa. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyedanganywa akakaribia kuamini.

"Si ndiyo shule yake huyo?"

"Ndiyo yake! Imeandikwa ubavuni mwa gari!"

"Anakuja kutupigia kelele hapa kumbe amekula yeye!"

Mama Breki hakusikia yote. Shule ya Udereva Tazama Mbele haijawahi kununua hata kopo moja la rangi. Haina brashi. Ina meza moja, kabati moja na magari matatu. Lile la zamani, na mawili mapya yaliyonunuliwa miezi minne iliyopita kwa mkopo wa benki. Binti ndiye aliyeushughulikia mkopo huo. Binti ndiye aliyesema benki imekubali, mama, usijali, riba ni ndogo, wewe fundisha tu.

Miezi minne.

"Leteni hapa hiyo karatasi," alisema. Sauti haikuwa yake.

Mgambo wa baraza akamletea. Kila kitu kilikuwepo: jina la shule, muhuri wa shule, na katika mstari wa 'nimepokea', saini. Haikuwa na jina, ilikuwa mchoro tu, kama saini nyingi. Lakini herufi ya mwisho ilikuwa na mkia unaopinda kwenda kushoto. Mama Breki aliujua mkia huo. Aliwahi kukaa mezani jioni nyingi na mtoto wa miaka sita, akimshika mkono, akimwambia mkia upinde kulia, kulia mwanangu, na mtoto akaupinda kushoto kila mara mpaka mama akachoka akauacha.

Akageuka.

Binti alikuwa amesimama kwenye safu ya mwisho, kiganja mdomoni, machozi yanamtiririka kimya kimya. Hakutikisa kichwa kukataa. Mama alingoja aikatae. Alingoja kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka kumi, na binti hakukataa.

Basi hilo ndilo lililokuwa linasubiri kusemwa pale kwenye ngazi za mahakama. Na kule koridoni, yule kinyonga wa suti alikuwa amesema kweli mara moja maishani mwake, na ndiyo mara pekee aliyochekwa.

"Mwalimu," mwenyekiti alisema. Sasa madiwani wote kumi na wanne walikuwa macho. "Wewe umetaka isomwe kwa sauti, tumesoma. Na mimi nina swali moja lisilo na maneno mengi. Saini hii ni ya nani?"

Yule mama mwenye mtoto wa magongo alikuwa anamtazama. Mzee wa kofia alikuwa anamtazama. Karani wa masjala naye, kwa mara ya kwanza, aliinua uso.

Neno alilokuwa amemwandalia mwizi lilikuwa bado mdomoni. Alilimeza.

Watu waliosoma gari kwake watawaambia kwamba mwanamke huyu hajawahi kumpitisha mtu aliyekosea hata kwa kidole kimoja cha mguu. Alimfelisha mchungaji wake. Alimfelisha mume wake mwenyewe alipoomba kuhuisha leseni. Uongo alikuwa anauona ni ugonjwa wa watu wengine.

"Mwalimu, tunasubiri. Ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Mama Breki.

Ukumbi ulilipuka. Chupa ilirushwa, ikapasuka ukutani nyuma ya kichwa chake. Mama wa yule mtoto hakurusha kitu. Alitema mate chini, akambeba mwanawe na magongo yake, akatoka. Binti alipiga hatua mbele na kufumbua kinywa, na mama yake akamtupia jicho lile linalosimamisha gari kabla ya mguu. Kinywa kikafungwa.

Mgambo wawili wakaanza kushuka kwenye njia ya katikati.

Na kule meza kuu, mweka hazina alikuwa ameshakaa kitini. Alimtazama mke wa kaka yake kwa mshangao, kama mtu aliyeokota pochi njiani na kukuta haina mwenyewe. Akatoa leso. Akajifuta jasho polepole, paji la uso, kisha shingo. Akaikunja leso vizuri, akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "naomba muhtasari uonyeshe kwamba mwalimu amekiri mbele ya baraza. Na kwa kuwa leo ameamua kusema kweli, naomba pia tumwonyeshe zile vocha nyingine kumi na saba za shule yake."